Mashine Inasoma Nini Mgongoni Mwako?

(Hotuba hii ilitolewa Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa kanisa, Moline, Illinois, mbele ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama na maghala pamoja na familia zao. Nimeiandika karibu kama nilivyoitoa.)

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa kabla ya kulala: shikamooni, na karibuni. Nawaona wa Uvira na Baraka, nawaona wa Rumonge na Bujumbura, na wengi tuliopanga ndoo kwenye bomba moja kule kambini Nyarugusu. Nitasema Kiswahili cha upande wa Kigoma, ndicho nilichonacho. Neno likimpita mtu, anyooshe mkono.

Wengi mnanijua kwa ukalimani. Nakaa kwenye kile kiti cha tatu, kati ya daktari na mgonjwa, na kiti kile kina sheria yake: yanayosemwa yote yapite, la kwangu lisiingie. Daktari akisema jambo ninaloliona lina kasoro, nalitafsiri vilevile lilivyo. Mgonjwa akinitazama kwa yale macho ya "ndugu yangu, wewe unaonaje?", namweleza daktari kwamba mgonjwa anataka maoni yangu, kisha nanyamaza. Ni sheria nzuri na ninaiheshimu. Lakini ziko siku kunyamaza huko kunauma. Leo sijakaa kwenye kiti kile. Nimesimama, na nimekuja kusema la kwangu kuhusu mashine zinazopitishwa migongoni mwetu katika kliniki za kiropraktiki, kwa wale ambao nyumbani tunawaita madaktari wa kukunja shingo.

Niwape siku moja tu. Mama mmoja wa jamii yetu, ameniruhusu nisimulie bila jina lake, anakata nyama kwenye laini mwaka wa sita sasa. Kiuno kilikuwa kimemkaza hata kuvaa viatu anasaidiwa na mtoto. Akaenda kliniki aliyoiona kwenye tangazo, uchunguzi wa kwanza kwa bei ya chakula cha mchana. Binti mmoja mwenye adabu kabisa akamkalisha kwenye kiti kisicho na egemeo, akampandisha blauzi kwa nyuma, akachukua kifaa chenye magurudumu mawili madogo kinachoenea kiganjani, akakiviringisha taratibu kutoka kiunoni mpaka shingoni. Hakikuuma. Dakika tatu hazikufika. Kwenye skrini ukutani ukatokea uti wa mgongo mweupe, na kando yake milia ya rangi: kijani, bluu, nyekundu. Sehemu ya kiuno ilikuwa na mlia mwekundu mrefu kuliko yote. Daktari akaingia, akauwekea kidole, akasema: hapa mishipa yako ya fahamu imebanwa. Nikatafsiri. Mama akanigeukia. "Muulize, hiyo nyekundu ni damu?"

Nikauliza. Daktari akasema hapana, ni rangi ya kompyuta. Nikatafsiri. Mama akashusha pumzi, lakini macho hayakubanduka kwenye ile rangi. Alipoletewa karatasi ya mahudhurio 40 na mkopo wa kulipa kila mwezi, alitia sahihi huku anaitazama skrini. Kiuno chake kilikuwa kinauma kabla ya mashine na kiliuma baada ya mashine. Lililobadilika ni kwamba sasa alikuwa ameiona nyekundu.

Tangu siku ile nimesoma sana juu ya vifaa hivi, usiku, watoto wakishalala. Na nikagundua kwamba hadithi yenyewe ilianzia hapo ng'ambo ya mto.

Ukivuka daraja la Mississippi, dakika chache tu kwa gari, uko Davenport, jimbo la Iowa. Huko ndiko kiropraktiki ilikozaliwa. Tarehe 18 Septemba 1895, D. D. Palmer alimbonyeza uti wa mgongo Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa akifanya usafi katika jengo lile na ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa miaka mingi. Palmer alisimulia kwamba Lillard akaanza kusikia. Siku 51 baadaye, tarehe 8 Novemba, kule Ujerumani, Wilhelm Röntgen akagundua mionzi ya eksirei. Mkono na mashine, mwaka mmoja. Chuo cha Palmer kipo mpaka leo pale juu ya kilima cha Brady Street. Wengine wenu mnakipita mkienda kazini.

Mtoto wa Palmer, B. J., aliyerithi chuo, alikuwa mtu wa umeme hasa. Mwaka 1910 aliingiza eksirei chuoni. Mwaka 1922 akachukua kituo cha redio, WOC, kilekile ambacho miaka kumi baadaye kilimpa kazi kijana aliyeitwa Ronald Reagan, naam, huyohuyo aliyekuja kuwa rais. Kisha Agosti 1924, mbele ya mkutano mkubwa wa wahitimu wake, B. J. akakitambulisha kifaa kilichoitwa Neurocalometer. Aliyekibuni ni Dossa Evins. Kilikuwa na ncha mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ndani yake mna metali mbili tofauti zilizounganishwa. Zikipata joto hutoa umeme mdogo sana, na umeme huo unausogeza mshale. Upande wa kulia ukiwa na joto kuliko wa kushoto, mshale unalala. Wakasema: pingili imekaa vibaya, neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa, joto ndilo ushahidi.

Sasa nawaomba tufanye jambo moja. Kila mtu aingize mkono mmoja mfukoni au kwapani. Huo mwingine uacheni nje, na wewe baba uliye karibu na dirisha, uweke kwenye kioo. Tutarudi.

B. J. hakukiuza kifaa kile. Alikikodisha, na ada ikafika zaidi ya dola 2,000, wakati gari jipya la Ford lilikuwa linapatikana kwa chini ya dola 300. Akawaambia wahitimu wake kwamba tabibu anayefanya kazi bila kifaa hicho hafanyi kazi ya haki. Wanafunzi wake wengi, watu waliompenda kama baba, walivunjika moyo. Walimu wanne wakaondoka, na mwaka 1926 wakafungua chuo chao, Lincoln, kule Indianapolis. Nawaheshimu sana watu wale. Walikuwa ndani ya fani, waliipenda fani, na ndio waliosema hili hapana.

Toeni mikono. Gusa shavu kwa mkono wa kwanza. Sasa gusa kwa wa pili. Mmeona? Mikono miwili ya mwili mmoja, na tofauti inasikika mpaka shavuni. Nani kati yetu ana neva iliyobanwa? Ngozi hupata joto kwa sababu ya nguo, egemeo la kiti, kiyoyozi, mtu aliyetoka kukandwa sasa hivi, au aliyeingia kutoka kwenye theluji. Kile kifaa cha magurudumu hupima joto la ngozi, na mama yule alikuwa ameendesha gari na kiti kimewashwa joto, kwa maana ilikuwa Januari. Hakuna aliyemuuliza. Mashine haikudanganya, joto lilikuwepo kweli. Safari ya kutoka kwenye joto mpaka kwenye neva iliyobanwa, hiyo aliisafiri daktari peke yake, bila daraja.

Kifaa kile cha magurudumu ni mjukuu wa Neurocalometer. Kina ndugu yake, kile cha vibandiko au ncha zinazosikiliza umeme wa misuli. Misuli ikifanya kazi hutoa umeme mdogo, sehemu za milioni za volti, na kompyuta inauchora kwa rangi zilezile. Umeme huo ni wa kweli pia. Katika maabara, ukimwekea mtu vibandiko huku ananyanyua mzigo, unajifunza mengi kuhusu misuli. Lakini mtu aliyekalishwa kwenye kiti, ana wasiwasi, anabana tumbo kwa aibu ya kufunuliwa mgongo mbele ya mgeni, misuli yake itasema nini? Itasema ana aibu.

Kwa hiyo mkiwekwa mbele ya skrini, yapo maswali mawili, na mkalimani wenu atayatafsiri kwa furaha. La kwanza: ukinipima tena baada ya dakika kumi, rangi zitakuwa hizihizi? La pili: kama zingetoka zote kijani, matibabu yangekuwa tofauti? Kwetu husemwa mgonjwa haulizwi uji. Mimi nasema uji usiulizwe, lakini bili iulizwe.

Msidhani nadharau umeme. Ninyi wa ziwani mnamjua yule kambare wa umeme, ukimshika na mikono iliyolowa anakutupa. Karibu miaka 2,000 iliyopita, tabibu wa Roma aliyeitwa Scribonius Largus alikuwa anawawekea wagonjwa samaki wa baharini wa namna hiyo, kwa maumivu ya kichwa na ya miguu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, wakaandika maelezo yanayofanana na jambo tunalolifanya wote: ukijigonga kiwiko, unakisugua. Mguso ule unapita kwenye lango la uti wa mgongo na kuyazuia maumivu yasipite yote. Kutokana na wazo hilo zikaja mashine ndogo za vibandiko, TENS, zinazotekenya ngozi kama sisimizi wengi wanaotembea kwa mpangilio. Hii hapa ninayo, mpitishe mkononi, mwenye betri ya moyo asiijaribu. Wala mjamzito asiiweke tumboni au kiunoni, wala mtu yeyote asiiweke mbele ya shingo.

Inasaidia? Wapo wanaopata nafuu wakati imewashwa. Ikizimwa, maumivu yanarudi kukaa mahali pake. Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2016 uliwaambia madaktari wasiitoe kwa maumivu ya kiuno, wala altrasaundi ya kukandia, ile inayotumia mitetemo milioni 1 au 3 kwa sekunde na jeli baridi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Likashauri TENS, altrasaundi na mashine za kuvuta mgongo zisiwe matibabu ya kawaida. Lakini lilipotaja yanayofaa, likataja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, kukandwa, na kurekebishwa uti wa mgongo kwa mikono. Yaani jambo lenyewe kongwe la Davenport, mkono, limo kwenye orodha. Mashine nyingi zilizoongezwa juu yake ndizo zilizoachwa nje.

Maoni yangu basi: TENS ya dola 30 hivi ya duka la dawa, ukiinunua mwenyewe, ikakuvusha jioni ukapika na kula na watoto, ni fedha halali. Vibandiko vilevile kwa bei hiyo kila unapolala kwenye kitanda cha kliniki, mara 40, hapana.

Kuna kile kifaa cha mkononi kinachogonga, ta-ta-ta, kama drili ndogo. Cha zamani kilikuwa cha springi, cha sasa ni cha umeme. Kinasukuma pingili kidogo na kwa kasi sana, kabla misuli haijajikaza. Wazee wanaoogopa kukunjwa shingo wanakipenda, na sioni sababu ya kuwanyima. Lakini katika jaribio moja la Pittsburgh, lililochapishwa 2015 na lenye watu wazima 107, waliorekebishwa kwa mikono walikuwa na nafuu zaidi kufikia wiki ya nne kuliko waliogongwa na kifaa. Kufikia miezi mitatu na sita makundi yalikuwa yamelingana. Leza, ile mashine ya mwanga, naiacha, ila macho yafunikwe. Kitanda cha kuvuta mgongo kwa kompyuta ndicho kinachonisumbua, kwa sababu ndicho ghali kuliko vyote na ndicho kinachouzwa kwa watu walioambiwa diski, ule mto ulio kati ya pingili, imetoka.

Mtasikia pia: "Mashine hii imepitishwa na FDA," yaani mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa. Sikilizeni neno hilo kwa makini. Tangu sheria ya 1976, vifaa vingi huruhusiwa kuuzwa kwa kuonyesha kwamba vinafanana vya kutosha na kifaa kingine ambacho tayari kiko sokoni. Ni ruhusa ya kuuza. Haina maana kwamba mtu alikaa akawapima wafanyakazi mia waliokata nyama, akaona wamepona. Na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na machungu mengi. Miaka ya 1920 Albert Abrams wa San Francisco alikodisha masanduku ya umeme kwa sharti kwamba yasifunguliwe. Ruth Drown, tabibu wa kiropraktiki wa California, alidai anatambua magonjwa kwa tone la damu kwenye sanduku lake, na hata kutibu mtu aliye mbali. Mwaka 1951 mahakama ya shirikisho ikamtia hatiani. Nyuma ya kesi kama hizo kuna watu waliosubiri kwenye sanduku huku saratani ikitembea.

Na hapo ndipo penye neno zito zaidi nililokuja nalo, kuhusu eksirei. Chama cha Marekani cha kiropraktiki chenyewe, mwaka 2017, kiliwashauri wanachama wake wasipige picha ya mgongo kwa maumivu mapya ya kiuno ndani ya wiki sita, pasipo dalili za hatari, na wasirudie picha ili tu kuona maendeleo. Ukipiga picha ya kila mtu utakuta "kasoro" kwa kila mtu. Uchambuzi mmoja wa 2015 ulikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Anayekuonyesha mvi zako na kukuambia ndizo zinazokuumiza kichwa, msikilize, lakini ushike mkoba wako.

Ila sisi tuna jambo letu ambalo si kila kliniki hapa inalikumbuka. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Hukaa kwenye uti wa mgongo pia, na kinaweza kulala mwilini miaka mingi baada ya kutoka kambini, hata kama picha ya kifua uliyopigwa kabla ya kusafiri ilikuwa safi. Mgongo unaouma hata usiku umelala, jasho linalolowesha shuka, homa za jioni, nguo zinazozidi kupwaya: hapo usiende kwenye magurudumu ya rangi, wala usikubali mtu akubonyeze mgongo. Nenda kwa daktari wa hospitali, useme nilikotoka kuna kifua kikuu, naomba nipimwe. Hapo picha ni haki yako, na inaweza kuokoa miguu yako. Vilevile ukifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, ukashindwa kuzuia mkojo au kuutoa, mguu ukakosa nguvu ghafla, ni dharura, usiku huohuo. Vijana, waelezeni bibi zenu maneno haya bila kuona haya, maana wao wataona haya kuyasema.

Haraka haraka kuhusu fedha. Wazee wenye Medicare, ile bima ya serikali ya wazee: kwa kiropraktiki, Medicare inalipia kurekebishwa uti wa mgongo kwa mikono. Eksirei aliyoagiza tabibu huyo, vibandiko, altrasaundi, hailipii. Ukiambiwa "bima itashughulikia", omba iandikwe. Mkalimani ni haki yako katika kliniki inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, bure, na si kazi ya mtoto wako wa darasa la nne. Aliyeumia kazini akumbuke tunaishi kwenye mpaka. Upande huu wa Illinois sheria kwa kawaida inakupa nafasi ya kuchagua daktari wako. Ukiumia kwenye kiwanda cha Iowa, mwajiri ndiye anayemchagua. Toa taarifa mapema, kwa maandishi, na uyapige picha maandishi hayo kwa simu.

Mama wa nyekundu mtaniuliza anaendeleaje. Alihudhuria mara kumi na moja. Mikono ya yule daktari, anasema mwenyewe, ilimsaidia siku mbili tatu kila mara, na hilo nalisema kwa haki. Mkopo ulimsumbua kuliko kiuno. Aliyemsaidia zaidi ni mtaalamu wa mazoezi kwenye kituo cha afya cha jamii, aliyemtazama anavyosimama kwenye laini. Aligundua meza iko chini kwa urefu wake, na anakata ameinama saa nane kwa siku. Hakutumia mashine. Alimwambia simama, nionyeshe unavyoshika kisu. Barua ikaandikwa kwa msimamizi, na mama akapata jukwaa la kusimamia… hapana, samahani, nimekosea, akahamishiwa kwenye meza iliyo juu zaidi. Kiuno hakijaisha chote. Viatu anavaa mwenyewe.

Wengi mmekuja na karatasi, nimeziona kwenye bahasha. Ile meza ya kona ni yangu mpaka saa kumi na moja. Leteni mikataba, bili, na hizo picha za rangi. Tutazisoma neno kwa neno, na leo naruhusiwa kujibu mkiniuliza naonaje. Chai ipo kwenye birika kubwa. Wenye zamu ya jioni watangulie.